Sifuri Nukta Tisa Tano

Mvua za Mei zilipokatika, uani kwetu Mkomani,
kwenye gogo la mnazi lililoozea kando ya birika,
niliuona: ute wa manjano, kama kiini cha yai kilichopasuka,
umetandaza mishipa juu ya ganda.
Si uyoga. Si mnyama. Hauna jicho wala ubongo,
na kulipokucha ulikuwa umehama shubiri nzima
kuifuata punje ya wali.

Mama akataka kuumwagia maji ya moto.
Nikamwomba siku tatu.

Usiku nikafungua kivinjari, nikauandika.
Chembe laki mbili, kila moja tone la mwanga,
kila moja na mahali pake na pembe yake, basi;
hakuna inayomjua mwenziwe.
Kanuni yenyewe ilitosha nyuma ya risiti ya unga:
nusa mbele, nusa kushoto, nusa kulia,
geukia penye harufu nzito,
piga hatua, acha harufu yako,
rudia. Mara sitini kwa sekunde.
Harufu humwagikia pikseli jirani,
kisha yote huzidishwa kwa sifuri nukta tisa tano,
ili njia isiyokanyagwa ififie.

Mara ya kwanza nilikosea alama,
nikatoa mahali pa kujumlisha.
Zikakimbiana. Kioo kizima kikawa vumbi,
laki mbili wasiotaka kunusana.
Nilicheka peke yangu saa nane za usiku,
feni ya kompyuta ikihema kama punda aliyebebeshwa mchanga.

Nikarekebisha.
Vumbi likawa nywele, nywele zikawa kamba,
kamba zikavutana, zikakatika, zikaungana kwingine.
Nikatia chakula: nukta kwa kila nyumba niijuayo,
nukta msikitini, nukta kisimani,
nukta kwa Bi Mwanate auzaye mikate ya mofa dirishani.
Kuta sikuzitia. Nilisahau, au nilichoka.

Ute ukauchora mji.
Vichochoro vikajipinda vyenyewe kuelekea Langoni,
na hapo kati, mnene kuliko yote,
mshipa kutoka mlango wetu
hadi mlango wa mama mdogo Salme.

Nikasogeza uso.
Hapo pana ukuta. Matumbawe, chokaa,
vigae vya chupa juu yake.
Mama aliujenga mwaka niliomaliza darasa la sita,
baada ya mirathi ya bibi, baada ya kugombea
kiti cha enzi ambacho mpaka leo hakuna anayekikalia.

Basi nikautia: pikseli nyeusi kumi na nne.
Chembe zikaugonga, zikarundikana,
dakika nzima zikinusa jiwe.
Kisha chache zikazunguka msikitini,
zikapita kwa Bi Mwanate,
zikafika, kwa uzi mrefu, mwembamba.
Ule mshipa wa mwanzo ukabaki
tisa tano ya tisa tano ya tisa tano.

Asubuhi mama aliniletea chai, akasimama nyuma yangu.
"Ni mji huu?"
"Ni ute."
Akagusa kioo penye weusi,
kidole chake kikaacha alama ya samli.
"Ndia hii naiyua," akasema.
Kimya. Chai ikapoa utando.
"Na hicho kinachofifia, hakicheleweshwi?"
Nikamwambia ni namba tu. Yaandikwa upya.
Akauliza namba gani, nikamtajia;
akairudia kwa sauti ndogo, kama bei ya kitu sokoni,
akatoka na kikombe chake.

Siku ya tatu nilikwenda uani mwenyewe.
Ute haukuwapo. Juu ya gogo palisimama
vijiti vyeusi, vyembamba kama ncha za wanja,
kila kimoja na kichwa cha unga.
Nilivipuliza kidogo tu, nione.
Moshi wa kahawia ukapanda,
ukakaa hewani kana kwamba unanusa,
ukapita juu ya vigae vya chupa.